Almeida: Jina la Kiarabu Lililotuchomea Mji

Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa kwetu, mtoto wa dada yangu, alikwenda kuomba kitambulisho. Vyeti vyake vyote alikuwa navyo: cha kuzaliwa, cha shule, na kopi za vipande vya baba yake na mama yake. Karani aliyempokea alilitazama jina la ukoo, akalitazama tena, kisha akamwambia, "Jina hili si la hapa. Rudi ulete karatasi za babu." Babu mwenyewe amezikwa Mombasa, na baba yake babu pia amezikwa Mombasa, na makaburi hayatoi karatasi.

Jioni habari hiyo ikafika barazani petu. Wazee walikasirika, na haki yao. Lakini mmoja wao, mtu ninayemheshimu sana, akatamka neno ambalo ndilo lililonishikisha kalamu leo. Alisema, "Sisi tuliokuwapo tangu zama za masultani ndio tunaoulizwa babu. Wale Wagoa, kina Almeida, wanapita tu, na babu yao ndiye aliyetuchomea mji huu." Watu wakacheka, na wengine wakatikisa vichwa kumkubalia.

Mimi sikucheka. Maneno hayo hayo niliwahi kuyaamini, na yalinitia katika aibu ambayo sijaisahau hadi leo.

Ilikuwa miaka ya 1960, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mwalimu alitusomesha habari za Wareno, na jinsi Francisco de Almeida alivyokuja na merikebu zake mwaka 1505 akaiteka Kilwa na kuiunguza Mombasa. Mtaani petu palikuwa na fundi wa cherehani, Mgoa, mwenye jina hilo hilo la ukoo. Siku ile ile, tulipotoka shule, mimi na wenzangu tukapita mbele ya duka lake tukipiga kelele, "Mchoma mji! Mchoma mji!" Fundi akatoka nje na chaki mkononi, akatutazama asielewe tumeingiwa na nini. Na kanzu zetu za Idi alikuwa akizishona yeye.

Habari zikamfikia maalim wetu wa chuoni. Alitusimamisha mstari mmoja, nasi tukajua kwamba bakora iko njiani. Lakini hakutupiga. Alinitazama mimi akaniuliza, "Sura ya tano yaitwaje?" Nikajibu, "Al-Maida." Akauliza, "Na maana yake?" Nikasema, "Meza yenye chakula." Akasema, "Basi ondokeni, mwende mkamtake radhi fundi, maana mumemtukana mtu kwa jina la sura."

Tulikwenda, nitaeleza mbele yaliyotokea. Lakini maneno ya maalim sikuyaelewa sawasawa siku ile. Nimekuja kuyaelewa baadaye, kwa kusoma na kuuliza, na leo nataka msomaji wangu tufuatane katika safari ya jina hili, tuone limetoka wapi, limepita wapi, na sasa limo mikononi mwa nani.

MJI ULIOKAA MEZANI

Almeida kwanza ni jina la mji. Mji wenyewe uko Ureno, upande wa kaskazini mashariki, katika jimbo la Guarda, karibu kabisa na mpaka wa Uhispania. Umekaa juu ya uwanda ulioinuka na kuwa bapa. Wako wenye maelezo mengine, lakini maelezo yaliyoenea zaidi baina ya wajuzi wa majina ni kwamba neno hili ni la Kiarabu, al-maida, yaani meza, na kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya umbo la ardhi yake.

Jambo hili lisitushangaze. Waislamu waliivuka bahari na kuingia Andalusia mwaka 711 wakiongozwa na Tariq bin Ziyad. Lisbon ilikaa mikononi mwao mpaka mwaka 1147, na Faro, huko kusini, mpaka mwaka 1249. Watu wakikaa mahali kwa zaidi ya miaka 500 wakalima, wakajenga na kuoana, siku ile utawala wao ukiondoka maneno yao hubaki. Jimbo la kusini la Ureno huitwa Algarve, nalo ni al-gharb, shina moja na neno letu magharibi. Mji wa Almada unaotazamana na Lisbon ni al-maadin, ndiyo hiyo madini yetu. Albufeira ni al-buhaira, lenye udugu na bahari yetu. Fundi wa nguo kwa Kireno ni alfaiate, yaani al-khayyat. Mesquita, ambalo pia ni jina la ukoo la Wareno wengi, maana yake ni msikiti. Na Alcântara, jina jingine la ukoo, ni al-qantara, daraja.

Sasa jina la mji liligeukaje likawa jina la watu? Ni kwa njia ile ile tunayoijua sisi. Mreno husema de Almeida, yaani mtu wa Almeida, kama sisi tunavyosema al-Barawi kwa mtu ambaye asili yake ni Barawa. Na kama ambavyo kina al-Barawi wote si watoto wa baba mmoja, ndivyo walivyo kina Almeida. Wako waliolichukua jina kwa sababu walikuwa mabwana wa mji, na wako waliolichukua kwa sababu walizaliwa huko tu, kisha wakahamia kwengine.

Hao mabwana wa mji ndio waliolipandisha jina. Masimulizi ya ukoo wao husema kwamba mzee wao wa mwanzo alipata sifa kwa kuiteka ngome ya Almeida kutoka mikononi mwa Waislamu. Basi angalia ajabu hii: watu wamejisifu kwa vizazi kwamba waliwashinda Waarabu, na jina la Kiarabu wamelivaa kama nishani. Mwaka 1297, kwa mkataba wa Alcañices baina ya Ureno na Castile, mji huo ukathibitishwa kuwa wa Ureno, na leo wageni huenda kuitazama ngome yake iliyojengwa kwa umbo la nyota.

MFALME MMOJA, AMRI MBILI

Hapa ndipo habari inapokuja kwetu, nami naomba msomaji aitazame kwa makini miaka ifuatayo.

Desemba 1496 Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno alitoa amri kwamba Mayahudi na Waislamu wote waondoke katika nchi yake. Mayahudi wengi walizuiwa wasitoke, wakabatizwa kwa nguvu mwaka uliofuata, wakaitwa Wakristo wapya. Waislamu walitolewa, wengi wakapitia Castile kwenda zao, na wengine wakaishia Afrika ya Kaskazini. Hivyo ndivyo Uislamu ulivyokatika Ureno, nchi ambayo hata meza na daraja zake zilikuwa na majina ya Kiarabu.

Mwaka ule ule wa 1497, mwezi wa Julai, mfalme huyo huyo alimtuma Vasco da Gama atafute njia ya Bara Hindi. Aprili 1498 da Gama akafika Mombasa, na baada ya siku chache akafika Malindi, ambako alipewa nahodha wa kumvusha bahari. Na mwaka 1505 Mfalme Manuel akamtuma Francisco de Almeida, mtu wa ukoo mkubwa, awe naibu wake wa kwanza katika Bara Hindi, na njiani azitie adabu bandari za Waswahili.

Almeida alifika Kilwa mwezi wa Julai. Sultani Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, Wareno wakajenga ngome na kumtawaza mtu wao, Mohamed Ankoni. Mwezi wa Agosti wakaja Mombasa. Watu wa Mombasa walipigana katika vichochoro, wakarusha mishale na mawe kutoka juu ya nyumba. Wareno wakautia mji moto, na kwa kuwa mapaa ya makuti yalikuwa yameshikana na nyumba za mawe, moto ukaenea usiku kucha. Kulipokucha waliingia wakateka na kupora, kisha wakatweka matanga.

Hayo ni kweli, na haifai kuyasahau. Lakini ukweli ukitajwa, utajwe wote. Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno, kwa sababu Malindi na Mombasa walikuwa na ugomvi wao wa muda mrefu. Mgeni aliyekuja na moto aliwakuta wenyeji wamegawanyika, na mgawanyiko ule ulimfaa kuliko mizinga yake.

Na mwisho wake Almeida mwenyewe ulikuwaje? Mwanawe, Lourenço, aliuawa mwaka 1508 huko Chaul, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, katika vita na merikebu za Misri. Baba alilipiza kisasi huko Diu Februari 1509, kisha akaachishwa kazi, akaanza safari ya kurejea kwao. Hakufika. Machi 1510 merikebu zake zilitia nanga karibu na Rasi ya Tumaini Jema ili kuchota maji. Watu wake waligombana na Wakhoikhoi, wafugaji wa pale, wakaenda kuvamia kijiji chao na kuchukua ng'ombe. Wakhoikhoi wakawageukia kwa mawe na mikuki, na Almeida akauawa ufukweni pamoja na wenzake zaidi ya 50. Mlima ulio juu ya mahali pale Wareno walikwisha kuuita mlima wa meza, kwa sababu kilele chake ni bapa. Bwana Meza alifia chini ya meza.

Kuna kichekesho kingine katika habari hii. Wareno walipoondoka pwani yetu walituachia maneno: bendera, leso, karata, na miongoni mwao meza, kutokana na mesa yao. Waarabu waliwaachia Wareno al-maida, Wareno wakatuachia sisi meza. Kila siku tunakula juu ya neno la watu waliotuunguza, wala hakuna anayesema tulitupe. Neno halina kosa. Na kama neno halina kosa, je, mtu aliyelirithi neno analo?

MTUMWA NA BWANA KWA JINA MOJA

Tukivuka bahari ya Atlantiki, jina Almeida tunalikuta limejaa Brazil. La kwanza kwa wingi huko ni Silva, ambalo kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 lina watu zaidi ya milioni 34, yaani mtu mmoja katika kila sita. Almeida nalo ni miongoni mwa majina makubwa. Je, watu wote hao wametoka Ureno? La hasha.

Katika Waafrika waliovushwa Atlantiki kwa minyororo, karibu milioni 5 walishushwa Brazil, wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Mtumwa alibatizwa, akapewa jina moja tu: João, Maria, Joaquim. Jina la ukoo alilipata baadaye, na mara nyingi lilikuwa la bwana wake. Utumwa ulipofutwa Brazil mwaka 1888, majina ya mabwana yalikuwa yamekwisha kuwa majina ya watumwa na watoto wao.

Katika habari hii kuna kipande kinachotuhusu sisi Waislamu hasa. Januari 1835, katika siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani, watumwa na waliokuwa watumwa Waislamu, Wayoruba na Wahausa, waliinuka katika mji wa Salvador, Bahia, kudai uhuru wao. Polisi waliwakuta na karatasi zenye aya na dua kwa hati ya Kiarabu. Walishindwa, wakauawa, wakachapwa, na wengi wakarudishwa Afrika. Baada ya hapo watu weusi wengine walioachwa huru wakarejea kwa hiari, wakaweka makazi Lagos, Porto-Novo, Ouidah na Agoué. Walirejea na majina ya Kireno. Ndiyo maana leo katika Benin na Togo kuna kina d'Almeida, da Silva na de Souza, weusi kama mimi, na miongoni mwa watu hao waliorejea walikuwamo Waislamu. Huko Porto-Novo walijenga msikiti mwanzoni mwa karne ya 20, na anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ni kanisa, kwa sababu mafundi waliufuata mtindo wa majengo ya Bahia.

Mkubwa wa kina d'Almeida wa upande ule alikuwa Joaquim d'Almeida. Alizaliwa katika kabila la Wamahi, akakamatwa, akauzwa Bahia kwa nahodha wa jahazi la watumwa aliyekuwa na jina hilo, kisha akapata uhuru. Ningependa kuandika kwamba aliporejea Afrika aliwakomboa wenziwe. Lakini tarehe haitwambii hivyo. Alifanya biashara ile ile iliyomuuza yeye, akatajirika, akakaa Agoué na kufa huko mwaka 1857. Basi jina moja limembeba bwana na mtumwa, na mtumwa naye akageuka muuzaji. Anayetaka kujua tabia ya mtu kwa kusikia jina lake, aifikiri habari hii.

FUNDI WETU

Sasa turudi kwa fundi wa mtaani petu. Goa ilitekwa na Afonso de Albuquerque Novemba 1510, na Waislamu wa mji ule waliuawa kwa upanga. Wenyeji wengi wa Goa walikuwa Mabaniani, watu wa lugha ya Kikonkani. Katika karne ile ya 16 makanisa yakajengwa na mahekalu yakavunjwa, na mwaka 1560 ikafunguliwa mahakama ya kuwachunguza watu imani zao. Aliyebatizwa alipewa jina la Kireno, mara nyingi la padre aliyembatiza au la Mreno aliyesimama kuwa baba yake wa ubatizo. Kwa hiyo Mgoa anayeitwa Almeida, Fernandes au Pinto, kwa kawaida hana damu ya Mreno hata tone. Babu zake walitekwa na merikebu zile zile zilizotuteka sisi. Tofauti ni kwamba sisi tulichomewa mji, na wao walibadilishwa na majina pia.

Siku ile tulipokwenda kumtaka radhi, fundi alitusikiliza tukiambiana nani aanze kusema. Tulipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akatwambia kwa Kiswahili chake kwamba jina hilo alipewa babu wa babu yake na padre, wala hakuulizwa kama alilitaka. Akachukua utepe wake akanipima mabega, akasema nimerefuka, kanzu ya mwaka jana haitanifaa tena. Mambo yakaisha hapo. Nilirudi nyumbani nikitamani afadhali maalim angalitupiga bakora.

Na ikiwa bado kuna anayeamini kwamba jina la Kireno humfanya mtu kuwa Mreno, namtajia Pio Gama Pinto. Alizaliwa Nairobi kwa wazazi Wagoa, Waingereza wakamfunga kizuizini tangu 1954 mpaka 1959 kwa kuwasaidia wapigania uhuru wa Kenya, akasaidia vile vile harakati dhidi ya Wareno, na akauawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Namtajia pia Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai, na jina lake la kati lilikuwa Zuzarte.

Kwengineko jina Almeida limezagaa vile vile. Huko visiwa vya Cape Verde yuko mwandishi Germano Almeida, aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye alipewa tuzo ya Camões mwaka 2018, tuzo kubwa kabisa ya waandishi wa Kireno. Huko Sri Lanka, ambako Lourenço, yule mtoto wa Almeida, alikuwa miongoni mwa Wareno wa mwanzo kufika, majina kama Silva, Perera na Fernando yamekuwa majina ya kawaida ya wenyeji. Mwandishi wa huko, Shehan Karunatilaka, alishinda tuzo ya Booker mwaka 2022 kwa riwaya ambayo shujaa wake ni mpiga picha aitwaye Maali Almeida. Japani ya karne ya 16 ilimjua tabibu Luís de Almeida, aliyefungua hospitali katika mji wa Funai mwaka 1557, naye alitokana na wale Mayahudi waliobatizwa, Wakristo wapya. Na huko Lisbon kwenyewe, msomaji wangu, ukimsikia mtu akisema almeida mtaani, huenda hamtaji bwana yeyote wa ngome. Kwa lugha ya mjini, almeida ni mfagiaji wa barabara.

SHERIA HUANGALIA NINI?

Mambo haya si ya zamani tu. Majina ya Kireno leo yana thamani ofisini. Ureno imewakubali waliozaliwa Goa kabla ya tarehe 19 Desemba 1961, siku ambayo Bara Hindi iliitwaa Goa, kuwa wanaweza kudai uraia wake, na watoto na wajukuu wao wamefuata njia hiyo. Wagoa kwa maelfu wamepata pasi za Ureno na kwenda kufanya kazi Ulaya.

Tena kuna sheria nyingine. Mwaka 2013 Bunge la Ureno lilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa wale Mayahudi waliofukuzwa au kubatizwa kwa nguvu, na kanuni zake zikatoka mwaka 2015. Katika ushahidi uliokubaliwa yalikuwamo majina ya ukoo. Masharti yalikuja kukazwa mwaka 2022, baada ya malalamiko kwamba mlango umekuwa mpana kupita kiasi. Kulipa kosa la miaka 500 ni jambo jema, wala Mwislamu hana sababu ya kulionea kijicho. Lakini amri ya Desemba 1496 iliwataja Mayahudi na Waislamu pamoja. Sheria ya 2013 iliwakumbuka Mayahudi peke yao. Wazao wa Waislamu waliofukuzwa hawakufunguliwa mlango huo, ingawa nchi iliyowafukuza imejaa majina yao hata katika orodha za wapiga kura wake.

Mimi najifunza jambo moja katika sheria hizi. Dola hulisoma jina namna inavyopenda kulisoma. Jina la Kireno la Mgoa limempa pasi mtu asiyeijua Lisbon, na jina la Kiarabu limemnyima kipande kijana asiyeijua Arabuni.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito wake. Kwa miaka mingi watu wa jamii fulani, na Waislamu hasa, wamekuwa wakitakiwa kufika mbele ya kamati, waulizwe babu na babu wa babu, ndipo wapewe kitambulisho ambacho jirani yao hukipata kwa cheti cha kuzaliwa peke yake. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba ukaguzi huo wa ziada umeondolewa kwa watu wa kaunti za mpakani. Lilikuwa neno jema. Lakini tangazo la rais linapaswa kushuka mpaka kwenye meza ya karani, na meza ya karani ndiyo ndefu kuliko zote.

Hoja yangu kwa wenye ofisi ni fupi. Mwulizeni mtu amezaliwa wapi na wazazi wake ni nani. Msimuulize kwa nini jina lake linasikika hivi au vile. Jina la ukoo huweza kutoka kwa baba, au kwa mji, au kwa bwana aliyemiliki watu, au kwa padre. Almeida pekee limetoka kwa hao wote. Ikiwa jina moja laweza kubeba mtawala aliyeichoma Mombasa, tabibu wa asili ya Kiyahudi, mtumwa wa Kimahi na fundi wa Goa, litakuwaje ushahidi wa uraia?

Na hoja yangu kwa sisi wa barazani ni ngumu zaidi kuisema. Hata sisi hatukutoka mikono mitupu. Pwani hii ilikuwa na watumwa mpaka sheria ilipoufuta utumwa mwaka 1907, na wengi wa walioachwa huru waliingia katika koo za mabwana zao wakajulikana kwa majina yao. Wale waliokombolewa na Waingereza wakawekwa Freretown tangu 1875 walipewa majina ya Kizungu. Watoto wao ni majirani zetu, na wengine ni sisi wenyewe, ijapokuwa hatupendi kuyasema. Dini yetu imetufunza kuwaita watu kwa baba zao. Zaid bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, watu walikuwa wakimwita Zaid bin Muhammad, kisha ikaja amri arudishiwe jina la baba yake. Aliyeachwa huru alirejeshewa nasaba yake asimezwe na ya bwana, hata kama bwana huyo ni mbora wa viumbe.

Basi jioni iliyofuata nilirejea barazani nikamweleza mzee wetu haya yote, kuanzia sura ya tano mpaka mlima wa meza. Alinisikiliza bila ya kunikatiza. Nilipomaliza aliagiza kahawa, akasema, "Yule fundi wako alikuwa na watoto?" Nikamwambia ndiyo, na mmoja bado yuko hapa Mombasa. Akauliza, "Na yeye kipande alipata kwa shida?" Nikasema sijui, sijawahi kumuuliza.

"Muulize," akasema.

Nitamuuliza. Kijana wetu naye, mpaka ninapoandika haya, bado anasubiri.